Ekari Moja ya Zabibu: Hesabu ya Dodoma Ikivushwa Hadi Swima

Ekari moja ya mizabibu inataka siku 301 za kazi kwa mwaka. Ukiondoa Jumapili na sikukuu chache, hiyo ni ajira kamili ya mtu mmoja, hata kama mtu mwenyewe halipwi kwa sababu ni mama mwenye shamba au kijana wake. Siku hizo zitahesabiwa hapa chini moja moja. Zimetangulia kwa sababu anayeulizia zabibu kwa kawaida huanza na bei ya mche na bei ya kilo. Mche ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Shamba dogo la zabibu hufaulu au hufilisika kwa mambo mawili: mikono, na saa zinazopita kati ya mkasi wa mvunaji na pipa la mnunuzi.

Hesabu hii inamhusu pia mtu wa Swima. Swima iko kando ya Ziwa Tanganyika, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Watu wake wanaishi kwa muhogo, mawese na uvuvi. Wengi wa Fizi wameishi pia ng'ambo: vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa kwa maelfu hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ina vijana waliozaliwa humo wakakulia humo. Tanzania hiyohiyo ina mkoa mmoja ulioishi na zao la zabibu za mvinyo kwa zaidi ya nusu karne, nao ni Dodoma. Kwa hiyo mtu wa Fizi anayetaka kujua kama zabibu zinalipa hana haja ya kwenda Ufaransa kuuliza. Majibu yako Hombolo, Bihawana na Chamwino.

Kwa nini Dodoma

Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa mahindi hiyo ni balaa. Kwa zabibu ni neema, maana adui mkuu wa zabibu ni unyevu juu ya jani na juu ya kichala.

Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana katikati ya karne iliyopita, wanakijiji wakafuata. Baadaye kampuni ya serikali, DOWICO, ikawa mnunuzi mkubwa. Ilipodorora katika miaka ya 1990, mashamba mengi yalidorora pamoja nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wawekezaji kutoka Italia walijenga kiwanda cha CETAWICO Hombolo, wakaja na wengine, na mizabibu ikarudi. Historia hiyo fupi ina somo moja: jua halikubadilika, udongo haukubadilika, mbegu ya Makutupora nyekundu haikubadilika. Aliyebadilika ni mnunuzi, na shamba likamfuata.

Jambo la pili la Dodoma ni mavuno mawili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka masika, mara moja tu. Katika joto la Afrika Mashariki haulali. Anayeuamsha ni mkasi. Ukipogoa leo, zabibu zinaiva baada ya siku 110 hadi 130. Wakulima wa Dodoma hupogoa mvua zinapokatika, wakavuna msimu mkubwa Agosti na Septemba. Hupogoa tena kuelekea mwisho wa mwaka, wakavuna msimu mdogo Februari na Machi.

Kabla ya tunda la kwanza

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, karibu sawa na uwanja wa mita 64 kwa 64. Tuseme mistari inaachana mita 2.5 na mche unaachana na mwenzake mita 2. Kila mche unapata mita 5 za mraba, na ekari inachukua miche 809.

Kila mche unataka shimo. Shimo la sentimita 60 kila upande lina udongo wa mita za ujazo 0.216. Zidisha kwa 809: mita za ujazo 175 zimechimbwa kwa jembe na sururu. Kibarua akimaliza mashimo 15 kwa siku, kazi hiyo peke yake ni siku 54. Ukitia madebe mawili ya samadi kila shimo, unahitaji madebe 1,618, yaani mita za ujazo 32. Familia yenye ng'ombe wawili haina samadi hiyo. Italazimika kununua, na kulipa gari la kuileta.

Kisha nguzo na waya. Mzabibu haujishikilii wenyewe. Ekari yetu ina mistari 25, na urefu wa mistari yote ukiunganishwa ni mita 1,619. Nguzo moja kila mita 6 inadai nguzo 12 kwa mstari, jumla 300. Waya tatu kwa kila mstari ni karibu kilomita 4.9. Waya wa milimita 2.5 una uzito wa gramu 38.5 kwa mita, kwa hiyo dukani utabeba kilo 187 za chuma. Nguzo zikiwa za miti ya kawaida, mchwa wa Dodoma watazipunguza kila mwaka, na hesabu ya nguzo haitafungwa.

Gharama hizo zote zinatangulia kichala cha kwanza. Mzabibu wa Dodoma waweza kuanza kuzaa kabla ya kutimiza miaka miwili, lakini mzigo kamili huja mwaka wa tatu au wa nne. Aliyekopa fedha za waya anaanza kulipa riba wakati mizabibu yake ingali inajifunza kupanda.

Mapipa 61 kwa siku

Msimu mkubwa wa Dodoma hukua wakati wa kiangazi, bila mvua ya kutegemea. Ukiupa kila mche lita 15 kwa siku, ekari inakunywa lita 12,135 kila siku, sawa na mapipa 61 ya lita 200. Kwa siku 120 hizo ni lita milioni 1.46.

Kwa ndoo kazi hiyo haiwezekani. Ndiyo maana Chinangali, wilayani Chamwino, mamia ya wakulima waligawiwa mashamba ya ekari moja moja ndani ya mradi mmoja wa umwagiliaji wa matone, kwa mkopo wa benki, chini ya ushirika. Mpira wa matone huokoa maji, lakini hauondoi gharama ya kuyapandisha kutoka kisimani: pampu inataka umeme au dizeli, na bili haisubiri mavuno. Pale ndipo wakulima wadogo wengi hukwama. Mtu anaweza kupunguza siku zake za kupalilia mkono ukiwa mtupu. Hawezi kupunguza maji wiki mbili kabla ya zabibu kugeuka rangi bila kupoteza kilo.

Siku 301

Sasa kazi ya mwaka, shamba likiwa limekomaa na kutoa mavuno mawili. Siku moja ya kazi hapa ni saa sita.

- Kupogoa: dakika 10 kwa mche, mara mbili kwa mwaka: siku 45.
- Kufunga machipukizi kwenye waya na kupunguza majani: dakika 15 kwa mche kila msimu: siku 68.
- Palizi: mara nne, siku 8 kila mara: siku 32.
- Kupuliza dawa: mara 6 msimu mkavu na mara 12 msimu wa mvua: siku 18.
- Kumwagilia: nusu siku kwa siku 120: siku 60.
- Kulinda ndege: wiki nne za mwisho za kila msimu: siku 56.
- Kuvuna: siku 22.

Jumla ni 301. Angalia mahali pa kuvuna. Ile kazi inayopigwa picha, watu na mikasi na kreti zilizojaa, haifiki asilimia 8 ya siku zote. Kulinda ndege kunakula siku mara mbili na nusu ya kuvuna, na hakuna kipimo cha mbolea kitakachokupunguzia siku hizo. Kufunga na kupunguza majani ndiko kunakoongoza, nako hakufanywi na kibarua yeyote aliyepatikana njiani. Anayekata jani asilopaswa kukata anaacha kichala kiungue na jua. Asiyekata kabisa anafuga ukungu.

Hapo ndipo ukubwa wa shamba unapogeuka swali la kifamilia. Nusu ekari ni siku 150, ambazo mke na mume wanaweza kuzigawana huku wakilima mahindi. Ekari mbili ni siku 602, na hapo tayari wewe ni mwajiri, una vibarua wa kulipwa kila Jumamosi, uwe umeuza au hujauza. Kutoka ekari moja kwenda mbili, gharama ya kilo haishuki sana, kwa sababu mzabibu wa 1,600 unapogolewa kwa dakika zilezile kumi za mzabibu wa kwanza. Kinachobadilika ni kwamba kazi ya bure ya nyumbani imegeuka fedha taslimu.

Bei tatu, maisha matatu

Tuseme kila mzabibu unatoa kilo 4 kwa msimu. Hayo ni makisio ya kiasi. Shamba lililotunzwa vizuri huzidi, lililosahauliwa halifiki. Ekari inatoa kilo 3,236 kwa msimu, kilo 6,472 kwa mwaka.

Tuzipitishe kilo hizo kwenye bei tatu za mfano. Kwa shilingi 500 za Tanzania kwa kilo, shamba linaingiza 3,236,000. Kwa 1,000, ni 6,472,000. Kwa 1,500, ni 9,708,000. Kazi ya siku 301, tukiipa thamani ya shilingi 8,000 kwa siku, ni 2,408,000, ambayo ni shilingi 372 ndani ya kila kilo.

Kwa bei ya 500, baada ya kazi zinabaki 828,000. Ndani yake kuna salfa na dawa za ukungu, samadi ya kuongezea, nishati ya pampu, nguzo zilizoliwa, na deni la waya. Hazitoshi. Familia haitaiona hasara hiyo mara moja, kwa kuwa inajilipa kwa kutojilipa: siku 301 zimetolewa bure na daftari linaonekana zima. Kwa bei ya 1,000 zinabaki milioni 4 na kidogo, na kwa 1,500 zinabaki milioni 7.3. Bei imepanda mara tatu. Kilichobaki kimepanda karibu mara tisa. Mkulima wa zabibu basi hana sababu ya kupigania gramu za mavuno kama anavyopaswa kupigania shilingi mia moja ya bei, maana mia moja kwenye kila kilo ni shilingi 647,200 kwa mwaka bila jasho la ziada.

Je, bei huamuliwa na nini?

Zao lenye saa

Mahindi yakikosa bei Juni, mkulima huyaweka ghalani hadi Desemba. Muhogo wa Swima unakaa ardhini ukimsubiri mwenyewe. Zabibu ya mvinyo ikishaiva inaanza kuhesabu. Ikiachwa mtini, sukari inapanda, uchachu unashuka, nyigu na ndege wanafika. Ikikatwa, saa inakimbia zaidi: ngozi zilizopasuka ndani ya kreti zinaanza kuchachuka zenyewe kwa joto la mchana, na kufika jioni kreti za chini zinanuka siki. Watu wa Swima hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ndagala wa ziwani ni vilevile, asiyeanikwa leo kesho hana mnunuzi.

Ndiyo maana uvunaji huanza alfajiri na kukatika jua linapochoma. Mvunaji mmoja akikata kilo 300 katika asubuhi hiyo, ekari inataka asubuhi 11 za mtu mmoja, au wavunaji 11 kwa asubuhi moja. Kreti za kilo 20 zinazohitajika ni 162. Kama gari ni moja na kiwanda kimeweka foleni, basi mkulima mwenye zabibu tamu kuliko wote ndiye mnyonge kuliko wote: hawezi kurudi nazo nyumbani, na mnunuzi analijua hilo.

Dodoma wameipatia saa hiyo jibu la kadiri. Wasindikaji wadogo wanakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa kampuni kubwa zinazoweka chapa na kujaza chupa. Mchuzi uliokwisha kuchachuka, ndani ya tangi safi, unaweza kungoja bei kwa miezi. Zabibu ndani ya kreti haingoji hata usiku mmoja. Kwa hiyo tangi la pamoja linauza muda. Mashamba makubwa ya kanda hii yameununua muda huo kwa njia nyingine, kwa kuweka kiwanda shambani. Ethiopia, karibu na Ziwa Ziway, kampuni ya Castel ya Ufaransa ilipanda zaidi ya hekta mia moja pamoja na kiwanda chake, na mvinyo wa kwanza ukaingia sokoni 2014. Naivasha nchini Kenya, mvinyo wa Leleshwa unatoka kwenye mashamba ya wenye kiwanda wenyewe. Huko hakuna mkulima anayesimama getini na kreti.

Kutoka kilo hadi chupa

Kuna wanaosema dawa ni familia itengeneze mvinyo wake. Tuhesabu tena.

Tani moja ya zabibu hutoa kama lita 650 za mvinyo. Kilo zetu 3,236 za msimu mmoja zinatoa lita 2,100, chupa 2,800. Ili mvinyo ufike asilimia 12 ya kilevi, kila lita ya mchuzi iwe na gramu 204 hivi za sukari, kwa kanuni ya gramu 17 kwa kila asilimia moja. Maana yake, majani ya ekari moja yametengeneza kilo 428 za sukari kwa jua na maji, zaidi ya mifuko minane ya kilo 50. Ukivuna mapema kwa hofu ya mvua au ya wezi, unaiacha sukari hiyo mtini na kupata mvinyo mwembamba unaogeuka siki upesi.

Hamira ikila sukari hiyo, karibu nusu ya uzito wake hutoka kama hewa ya ukaa: kilo 209, ambazo kwa joto la kawaida hujaza mita za ujazo 116. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye urefu wa mita 3 kina mita 48 tu. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hulala chini, haina harufu wala rangi, na huua. Anayechachua mvinyo kwenye chumba cha nyuma cha nyumba, na watoto wamelala chumba cha pili, anahitaji madirisha na milango wazi kabla hajahitaji kipimo cha sukari.

Baada ya hapo ni chupa. Chupa tupu ina uzito wa karibu nusu kilo. Chupa 2,800 ni tani 1.4 za kioo za kubebea tani 2.1 za mvinyo. Aliye karibu na kiwanda cha chupa hasikii uzito huo. Aliye mwisho wa barabara mbovu anausikia mara mbili, chupa zikija tupu na zikirudi zimejaa.

Na juu ya chupa kuna sheria. Katika bajeti ya Tanzania ya 2017/18, mvinyo wenye zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 ulitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita. Wenye zabibu za nje kwa zaidi ya asilimia 25 ulitozwa 2,349. Tofauti ilikuwa shilingi 2,149 kwa lita. Kwa kuwa tani hutoa lita 650, tofauti hiyo ilikuwa karibu shilingi 1,400 kwa kila kilo ya zabibu. Rudi uangalie bei zetu tatu: kinga ya kodi peke yake ilikaribia bei ya juu kuliko zote. Dunia ilitengeneza hektolita milioni 237 za mvinyo mwaka 2023, na wakati huo ulihesabiwa kuwa mwaka mbaya kuliko yote tangu 1961. Katika bahari hiyo, kilo ya mkulima wa Hombolo inaelea kwa sababu Bunge limeishika mkono.

Hesabu ikivuka ziwa

Sasa tuipeleke Swima. Uso wa ziwa uko mita 770 na ushei juu ya bahari, chini ya Dodoma kwa karibu mita 350. Joto hupanda kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo Swima inapata nyuzi mbili zaidi, pamoja na unyevu wa ziwa usiku. Maji si tatizo. Lita 12,135 kwa siku zipo hatua chache kutoka shambani. Tatizo ni maji ya juu. Mvua za ukanda huu wa Kivu Kusini huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi cha kweli ni Juni hadi Agosti. Mzabibu unataka siku 110 hadi 130. Ukipogoa mwanzoni mwa Mei, unavuna mwisho wa Agosti au Septemba ikianza. Dirisha ni moja tu. Msimu wa pili wote ungepita katikati ya mvua.

Mvua maana yake ni ukungu wa ubwiri vinyoya. Ekari inataka kama lita 240 za dawa kila unapopuliza, sawa na bomba la mgongoni la lita 16 kujazwa mara 15. Ukipuliza kila baada ya siku kumi kwa siku 120, ni mabomba 180, karibu tani tatu za maji mgongoni mwa mtu mmoja kwa msimu mmoja, na bado hakuna hakika ya kichala kizima. Akili ya kawaida inasema acha msimu huo. Hapo mavuno ya mwaka yanabaki kilo 3,236, lakini nguzo ni 300 zilezile na waya ni kilo 187 zilezile.

Halafu mnunuzi. Kiwanda cha mvinyo ambacho kingepokea kilo hizo kiko Dodoma: uvuke ziwa hadi Kigoma, kisha reli ya zaidi ya kilomita 750. Kwa zao linalohesabiwa kwa saa, safari hiyo haipo. Hata ingekuwepo, zabibu ya Swima ikifika Kigoma imekuwa zabibu ya nje, na ule mkono wa Bunge hauigusi.

Pana pia hesabu isiyoandikwa kwenye vitabu vya kilimo. Fizi imehama mara nyingi mno. Anayekimbia na kuacha muhogo anaweza kurudi baada ya mwaka akaukuta. Michikichi nayo huendelea kuzaa bila mwenyewe. Mzabibu usiopogolewa kwa wakati wake hauna mavuno ya kurudia. Msitu wa majani ndio utakaokupokea, na waya umeshapelekwa kufungia mbuzi. Zao linalofunga fedha miaka mitatu kabla ya kulipa ni zao la mahali ambapo mtu ana hakika ya miaka mitatu. Tangu 2020 ziwa lenyewe limepanda na kumeza nyumba za Uvira na Baraka. Shamba la ufukweni, lenye maji ya karibu kuliko yote, ndilo lenye hatari kuliko yote.

Kiasi kinachobebeka

Je, Swima isipande zabibu? Ipande, kwa kiasi chake. Uwanja wa mita 10 kwa 10 nyuma ya nyumba unachukua mizabibu 20: mistari minne, mitano kwa kila mstari. Nguzo 12 zinatosha, na waya wa mita 120 una uzito usiofika kilo 5. Maji ya kiangazi ni lita 300 kwa siku, bidoni 15 za lita 20. Kupogoa mizabibu 20 ni saa tatu na dakika ishirini. Kulinda ndege ni kazi ya mtu anayepika hapohapo uani. Mavuno ya dirisha lile moja, kwa makisio yaleyale, ni kilo 80.

Kilo 80 zina njia tatu, na hakuna inayopita Dodoma. Ya kwanza ni kuuza zabibu za kula, kichala kwa kichala, siku ileile, barabarani au soko la Baraka. Atakayekusudia njia hii achague mbegu ya mezani, si ya mvinyo. Ya pili ni kuanika: kilo nne mbichi hutoa kilo moja kavu, kwa hiyo kilo 80 zinabaki 20, ambazo hukaa miezi na kusafiri popote. Agosti ina jua la kazi hiyo, na mikono ya Swima inajua kuanika.

Ya tatu ni kanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai ya misa iwe ya zabibu halisi na isiyoharibika. Pombe ya ndizi au ya mnazi haifai. Parokia za Fizi ziko chini ya Jimbo la Uvira, lililoundwa 1962, na kila chupa ya altareni inatoka mbali. Misa moja ikitumia mililita 50, misa ya kila siku kwa mwaka ni lita 18 na robo, ambazo zinatoka kwenye kilo 28 za zabibu. Mizabibu saba inatosha parokia moja mwaka mzima. Ni soko dogo, lakini lina hakika, na lina padre atakayeionja kabla ya kukubali.

Saba kwa altare, 13 kwa soko na kuanika: huo ndio ukubwa ambao familia ya Swima inaweza kuubeba, kuuacha ikilazimika, na kuurudia bila deni. Mizabibu hiyo ikizaa vizuri miaka mitatu, hamu ya kuongeza itakuja yenyewe. Kabla ya kuchimba shimo la 21, familia iwe na jina la mtu atakayenunua kilo ya 81, na awe umbali wa chini ya siku moja.